Mwenye Nguvu Ni Nani?

Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim ya kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. aliwafahamisha masahaba wake kuwa mwenye nguvu siye yule awabwagaye wenzake katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Hadithi hii yajulikana mno, na pengine kwa sababu hiyo husomwa kwa haraka. Wapo waisomao wakasema: "Haya, mieleka imekwisha kutiwa aibu, kilichobaki ni kuitengeneza roho, na mwili uachwe ulivyo." Wengine, hasa vijana, huipita upesi kwa kuwa waiona ni hadithi ya wazee na wapole ambao nguvu zimekwisha kuwatoka.

Makundi yote mawili yamekosea. Mtume s.a.w. hakusema na watu wasioijua mieleka. Mwaka 625, Waislamu walipokuwa wakitoka kwenda Uhud, vijana wawili wa umri wa miaka 15 hivi, Rafi bin Khadij na Samura bin Jundub, walitaka kuandamana na jeshi. Rafi akakubaliwa kwa kuwa alikuwa hodari wa kupiga mishale. Samura akalalamika kwamba yeye humwangusha Rafi kila wanaposhikana. Basi wakashikanishwa, Samura akamwangusha mwenzake, naye akapewa ruhusa. Ipo pia habari ya Rukana, mpiga mieleka mashuhuri wa Makka, ambaye husemwa kwamba Mtume mwenyewe alimwangusha. Lakini Tirmidhi aliyeinakili hakuridhika na wapokezi wake, kwa hiyo sitaijengea hoja. Habari ya Uhud yatosha kutuonyesha kuwa aliyesema kwamba nguvu si kubwaga watu, ndiye aliyekubali kuutazama ubwagaji ukifanywa mbele yake, akaupa thamani yake.

Swali basi ni hili, nalo ndilo nitakalo tulichunguze pamoja. Ikiwa nguvu ya kweli ni kuimiliki nafsi, ipo faida gani ya kimaadili katika kuutaabisha mwili kwa mazoezi magumu, na hasa mazoezi ya kumkamata binadamu mwenzio na kumshinda? Na kwa upande wa pili, je, mtu aweza kujifunza kuimiliki nafsi yake pasipo kuwapo mtu wa kuikasirisha?

Nitalipeleka swali hili Matongo, katika nchi ya Wakurya wa Tarime, si mbali na mto Mara ambao ng'ambo yake ni Serengeti. Nimepachagua kwa makusudi, maana huko nguvu za vijana hazijawahi kuwa jambo la mchezo. Ikiwa wewe usomaye ni mwenyeji wa huko, utayapima maneno yangu kwa uyajuayo.

Wakurya walijulikana kwa ushujaa tangu enzi za King's African Rifles, na katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania pia wametoa askari wengi kupita udogo wa kabila lao. Mvulana wao apelekwapo kutahiriwa hutazamiwa asimame pasipo kupepesa jicho wala kutoa sauti. Akitikisika, fedheha huwafikia hata wazazi wake. (Nasema juu ya wavulana tu. Kuwakeketa wasichana hakuna asili katika Kurani Tukufu, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 imekufanya kuwa kosa kwa walio chini ya umri wa miaka 18. Hapo hapana ushujaa wa kusifiwa, bali pana wajibu wa kuwalinda watoto.) Kijana aliyelelewa hivi huingia utu uzima akiwa na hazina ambayo vijana wa mijini hawanayo: haogopi maumivu.

Lakini hazina hiyo imetumiwaje? Mtafiti Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya wizi wa ng'ombe miongoni mwa Wakurya, alieleza jinsi ng'ombe waliotwaliwa zamani kwa ajili ya mahari na heshima walivyogeuka kuwa biashara ya fedha, na jinsi bunduki zilivyoenea baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Kisha ikaja dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara huko Nyamongo ulianza kazi mwaka 2002, na tangu hapo pamekuwa na ugomvi usiokoma kati ya walinzi na vijana waingiao kutafuta mawe. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi. Mashtaka ya familia na majeruhi wa matukio mbalimbali yamefika hadi mahakama za Uingereza na Kanada. Mimi si hakimu wa kesi hizo, wala kuzama katika haki za ardhi na za uhai wa watu si kazi ya makala hii. Nauliza jambo moja tu: kijana yule aliyethubutu kuingia usiku palipo na bunduki kwa ajili ya gunia la mawe, alipungukiwa na ushujaa? Hakupungukiwa hata kidogo. Alikuwa amefundishwa kustahimili maumivu. Ambalo hakuna aliyemfundisha ni namna ya kusema "yatosha" na bado akabaki mwanamume machoni pake mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka nikusafirishe mbali kidogo, mpaka Japani na Brazil, kwani huko ulikuzwa mchezo ambao nguzo yake ni neno hilo "yatosha".

Mwaka 1882 mwalimu Jigoro Kano alifungua mjini Tokyo chuo alichokiita Kodokan. Utotoni alikuwa mdogo wa umbo, akionewa na wenzake, na kwa sababu hiyo akajifunza jujitsu, yaani mieleka ya kale ya Wajapani. Alipokuwa mwalimu alifanya jambo la hekima: mbinu zenye kuvunja na kuua aliziondoa katika kupimana nguvu, akaziacha zile ambazo vijana wangeweza kuzitumia kwa nguvu zao zote kila siku na kesho yake wakarudi tena. Wengi wangedhani kwamba hivyo ameudhoofisha ujuzi wa zamani. Kumbe ameutia nguvu, kwa kuwa mtu ajizoezaye kwa nguvu zote juu ya mtu anayekataa kushindwa hujifunza mengi kuliko ajizoezaye mbinu za kuua juu ya hewa tupu. Mchezo wake uliitwa judo, na mwaka 1964 ukaingia katika Michezo ya Olimpiki. Kwetu nao umefika. Zanzibar ulistawishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 Tanzania iliwakilishwa katika judo na Andrew Thomas Mlugu.

Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914. Huko akamfundisha kijana aliyeitwa Carlos Gracie, naye Carlos akawafundisha ndugu zake. Mdogo wao Hélio, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa mwembamba, na mbinu zilizohitaji misuli mingi hazikumfaa. Akaelekea zaidi kwenye mapambano ya chini, mtu akiwa amelala chali au amekaliwa kifuani, ambapo uzito wa adui hupunguzwa kwa kutumia miguu na nyonga kama wenzo. Kutoka kwao ikapatikana jujitsu ya Kibrazili. Leo mchezo huu umeenea duniani kote. Katika Falme za Kiarabu uliingizwa katika shule za Abu Dhabi tangu mwaka 2008, na watoto wa Kiislamu wa kike na wa kiume hufundishwa kama wafundishwavyo hesabu.

Nikueleze unavyochezwa, maana bila hilo hoja yangu haitaeleweka. Wachezaji wawili hushikana nguo nzito za pamba, kila mmoja akijaribu kumwangusha mwenzake. Wakisha kuanguka, shindano haliishi kama liishavyo katika mieleka ya vijijini mwetu. Hapo ndipo lianzapo. Aliye juu hutafuta kuipita miguu ya aliye chini ili amkalie. Aliye chini humzuia kwa miguu hiyo hiyo, humgeuza, humvuta. Mwisho mmoja hupata mshiko: ama ameunyoosha mkono wa mwenzake hata kiwiko kimefika mpaka wake, ama ameikaba shingo pande zote mbili, mahali ipitapo mishipa ipelekayo damu kichwani. Mshiko huo wa shingo ukikamilika, fahamu huzimika kwa muda wa sekunde kumi hivi. Lakini haufiki huko, kwa kuwa aliyekabwa hugonga kwa kiganja mara mbili, juu ya mwili wa mwenzake au juu ya mkeka, na yule mwingine huachia papo hapo. Kisha hupeana mikono wakaanza upya. Katika saa moja mwanafunzi mgeni aweza kugonga mara kumi.

Hakuna ngumi wala teke katika mchezo huu, na kwa Mwislamu jambo hilo si dogo. Mtume s.a.w. alikataza kumpiga binadamu usoni hata katika ugomvi. Hilo nalo limo katika Bukhari na Muslim. Sijui ni kwa hoja gani Mwislamu aweza kuutetea mchezo ambao ushindi wake mkubwa kabisa ni kumpiga mtu kichwani mpaka azimie. Zanzibar, ndondi zilipigwa marufuku katika zama za Mzee Karume, baada ya Mapinduzi ya 1964, na zikaruhusiwa tena mwaka 2022. Nami nadhani marufuku ile ilikuwa na busara ndani yake, ingawa vijana wengi watanikasirikia. Mwezi Desemba 2024 bondia mmoja alipoteza maisha jijini Dar es Salaam baada ya pambano. Michezo ya kushikana nayo huumiza. Magoti, vidole, masikio na mabega hupata taabu, na asemaye vinginevyo hasemi kweli. Lakini ajali ya goti ni jambo moja, na kuufanya ubongo wa ndugu yako kuwa shabaha ni jambo jingine.

Sasa turudi kwenye ule mgongo wa kiganja, yaani kule kugonga mara mbili.

Mtu aliyelelewa katika desturi ya kutopepesa jicho ataliona jambo hilo ni aibu. Atasema: "Mimi nife, lakini sigongi." Siku za kwanza wengi hufanya hivyo, na malipo yao ni kiwiko kilichovimba majuma matatu. Tafakari, msomaji, nini hasa kinachotakiwa kwa mtu huyu. Hatakiwi kusema kwamba yeye ni dhaifu. Atakiwa kusema ukweli juu ya jambo moja lililotokea sasa hivi: mkono wangu umefika mwisho, na wewe ndiwe uliyeufikisha. Ausema mbele ya watu, kwa wakati wake, kabla ya madhara. Wangapi kati yetu waweza kusema ukweli wa namna hiyo katika mabishano ya dini, ya shamba, ya ndoa? Mtu hujua ndani ya moyo wake kwamba hoja yake imekwisha kukunjwa hata haina pa kupita, na bado hung'ang'ania mpaka kitu kivunjike. Nawe usomaye kurasa hizi kwa kuitafuta haki, ambaye bado hujaamua, wajua vizuri kuliko mimi jinsi ilivyo vigumu kukiri kwamba hoja ya mwingine imekushika.

Tazama pia upande wa aliye juu. Mikononi mwake ameushika mkono wa mtu, na vidole viwili vya nguvu zaidi vyatosha kuuvunja. Pengine mtu huyo ndiye aliyemfedhehesha jana. Mwili wake wote umewaka kwa joto la mapambano. Ndipo asikiapo kiganja kikigonga, na katika muda usiofika sekunde moja hana budi kuachia. Hufanya hivyo mara ngapi kwa mwaka? Mara mia nyingi. Niambie ni shule gani nyingine ambayo kijana wa miaka 18 huwekwa kila jioni katika hali ya kuwa na uwezo kamili wa kumdhuru mtu, akafundishwa kuuweka chini uwezo huo kwa ishara ndogo kama hiyo. Asiyeachia huondolewa, hata angekuwa hodari namna gani, kwa sababu hakuna atakayempa tena mkono wake.

Na ghadhabu yenyewe? Aliyewahi kukaliwa kifuani na mtu wa kilo 90 anajua inavyokuja. Pumzi hufupika, macho huona wekundu, mikono hutaka kusukuma ovyo. Akiifuata ghadhabu hiyo, katika muda wa dakika moja au mbili nguvu humwisha, naye hushindwa na mtu mdogo kuliko yeye aliyekuwa akingoja tu. Hapo maneno ya Mtume s.a.w. huacha kuwa mawaidha ya kusikilizwa Ijumaa, yakawa jambo ambalo mbavu zako zimelijua. Yasimuliwa pia katika Abu Daud kwamba alimshauri mwenye hasira, ikiwa amesimama, akae, na ikiwa hasira haikumtoka, alale. Wacheza jujitsu watafurahi kusikia hivyo, kwani kazi yao karibu yote hufanyika wakiwa wamelala.

Huenda ukaniuliza: kwa nini njia ndefu hivyo? Si bora mtu awe mpole tu, asijue kumkaba yeyote? Jibu lake alilitoa Masihi Aliyeahidiwa a.s. katika hotuba iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896. Alieleza kwamba hali za asili za mwanadamu si maadili bado. Huwa maadili zinapotumiwa kwa akili, kwa mahali na wakati wake. Mnyama mpole hana sifa ya upole, kwa kuwa hakuuchagua. Mtu asiyeweza kulipiza kisasi na asilipize, hatuwezi kujua kama amesamehe au ameshindwa tu. Katika hotuba hiyo hiyo alieleza kwamba mwili na roho hupokezana athari: umbo la nje la unyenyekevu, kama kusujudu, huuvuta moyo kwenye unyenyekevu, na kiburi cha mwendo huleta kiburi cha moyo. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mwili uliozoeshwa kuachia kwa ishara ndogo nao huupelekea moyo habari zake. Na Kurani Tukufu, inapoeleza kwa nini Taluti alichaguliwa awe mfalme, yataja wasaa wa elimu na wa mwili pamoja (2:248). Wakristo nao wanayo habari ya Yakobo aliyeshindana mieleka usiku kucha, akatoka na jina jipya na mguu wa kuchechemea.

Simdanganyi mtu. Ujuzi huu hautamkinga kijana wa Matongo na risasi, wala na panga. Mbele ya panga, miguu yenye mbio ndiyo elimu bora. Akijifunza ili kwenda kumtia adabu kijana wa ukoo mwingine, amekwisha kuharibikiwa kabla hajavaa nguo za mazoezi, na mwalimu amkataze. Upo pia ugonjwa wa mikanda. Mchezo huu una mkanda mweupe, wa buluu, wa zambarau, wa kahawia na mweusi, na kwa kawaida huchukua miaka kama kumi kuufikia mweusi. Wapo watu wazima watembeao na kipande cha kitambaa kiunoni kama kwamba wameteremshiwa wahyi.

Swali la kuinama laulizwa sana na waliosilimu karibuni. Katika mila ya Kijapani wachezaji huinamiana, na mahali pengine huinamia picha ya mwanzilishi. Mwislamu hurukuu kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Na amwambie mwalimu wake mapema na kwa adabu kwamba yeye atatoa salamu kwa mkono. Katika jujitsu ya Kibrazili kupeana mkono ni desturi ya kawaida hata hivyo, na sijasikia hoja ya maana ya kumkatalia. Mavazi yafunike yapasayo kufunikwa. Wanaume wafanye na wanaume, wanawake na wanawake wenzao. Nao wanawake wasinyimwe, kwani Bibi Aisha r.a. alishindana mbio na Mtume s.a.w. mwenyewe, akamshinda mara moja, na baadaye akashindwa.

Mtu wa Matongo ataniambia: "Sisi tumeshika jembe tangu asubuhi, tumebeba mawe na maji. Mazoezi ya nini tena?" Hoja yake ni nzito, nami naiheshimu zaidi kuliko za watu wa mjini wanaolipia kubeba vyuma. Mgongo wake hauhitaji vyuma. Lakini jembe halimzuii mtu, wala jiwe halimkabi. Nguvu za kazi ni za kwenda mbele kwa mwendo mmoja. Ajifunzayo hapa ni kuvuta pumzi polepole wakati mtu mwingine anataka kumnyima pumzi hiyo. Kwa mtu kama huyu jioni mbili kwa juma zatosha, saa moja kila jioni: robo saa ya kuupasha mwili moto, nusu saa ya kujifunza mshiko mmoja tu, kisha mapambano ya dakika tano tano. Kwa mwezi wa kwanza apigane kwa nusu ya nguvu. Majani mazito yatosha kwa kuanzia. Wakipata machujo ya mbao wakayatandaza vizuri na kuyafunika kwa turubai lililovutwa kwa nguvu, wamepata ukumbi. Anayejua asikosekane, hata kama ni mmoja aliyejifunza judo jeshini au mjini, kwani mishiko ya shingo haifundishwi kwa kutazama picha za simu, na watoto wasifundishwe kabisa mishiko hiyo. Chakula cha nyumbani, ugali wa mtama au wa muhogo, maharagwe, dagaa wa ziwani na maziwa, hakina upungufu wowote kwa kazi hii. Mwezi wa Ramadhani mazoezi magumu yahamishwe baada ya futari. Na adhana au saa ya sala ikifika, mkeka ule ule wa mazoezi usiwe sababu ya kuichelewesha.

Limebaki jambo moja nililolikusudia tangu mwanzo. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio Gracie alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, bingwa wa judo aliyemzidi sana uzito na nguvu. Kimura aliushika mkono wake, akaupindisha nyuma ya mgongo. Hélio hakugonga. Mkono ukavunjika, na bado hakugonga. Alikuwa Mkurya kwelikweli siku ile. Ndugu yake Carlos, aliyekuwa kando ya ulingo, ndiye aliyetupa taulo kumaliza pambano. Kuna wanaomsifu Hélio kwa hilo, nami sikatai kwamba ulikuwa moyo mkubwa. Lakini namtazama zaidi Carlos. Alijua nyumba yao itaaibika mbele ya umati wa watu, akautazama mkono wa ndugu yake, akachagua mkono.

Kwetu, jambo kama hilo lingezaa deni. Ukoo ungekaa kikao, vijana wangehesabiwa, na jina la aliyetuvunja lingetajwa kila jioni ili lisisahaulike mpaka lilipwe. Akina Gracie nao hawakulisahau. Waliuchukua mshiko ule uliowashinda, wakajifunza, wakawafundisha watoto wao na wanafunzi wao, na wakaupa jina la mtu aliyewavunja. Leo Rio de Janeiro, Abu Dhabi na Nairobi, mwalimu amwonyeshapo mwanafunzi namna ya kuupindisha mkono nyuma ya mgongo na namna ya kuuachia, huuita kimura.